Mzigua wa Handeni, Msomali wa Lewiston

Mimi ni Mzigua. Nimezaliwa Handeni, nikasoma Korogwe, na zamani mtu akiniuliza kabila langu nilikuwa namjibu bila kufikiri. Siku hizi nafikiri kwanza. Aliyenitia katika fikra hizo ni mzee mmoja wa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, aliyeingia nchini akikimbia vita vya Somalia.

Nilimkuta msikitini baada ya swala ya Adhuhuri. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa lugha ambayo marehemu bibi yangu angeielewa palepale. "Mwanangu," akaniambia, "babu zetu waliondoka huku kwa njaa, sisi tumerudi kwa risasi."

Mzee hakukosea. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliikumba Uzigua. Watu wakashuka pwani, wengine wakaahidiwa kazi na chakula, wakapakiwa majahazini na kujikuta watumwa katika mashamba ya kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba. Walisilimu, lakini Kizigua chao hawakukiacha. Huko kinaitwa Kimushunguli. Pamoja na kuswali safu moja na Wasomali, waliendelea kuitwa "jareer", yaani wenye nywele ngumu. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 waliporwa na kuuawa, kwa kuwa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea.

Baadhi walikuja Tanzania, na mwaka 2014 zaidi ya elfu moja walipewa uraia. Waliokimbilia Kenya, Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwachukua wapatao 12,000. Mpwa wa mzee huyu ni mmoja wao. Anaishi Lewiston, jimbo la Maine.

Sasa tuitazame Lewiston. Ni mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa, uliojengwa na Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa kutoka Kanada. Katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu Maine, na waliokuwa wakipigiwa kelele ni Wakatoliki haohao: lugha yao, dini yao, wingi wao. Oktoba 2002 meya wa mji huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kuja kwa sababu mji umeelemewa. Januari 2003 wabaguzi wa rangi wakaja kuandamana. Hawakufika mia. Haki isemwe: waliojitokeza kuwapinga siku ileile walikuwa maelfu. Lakini mwaka 2012 meya mwingine, Robert Macdonald wa chama cha Republican, aliwataka wahamiaji waache utamaduni wao mlangoni.

Macho ya wahafidhina wa namna hiyo hayaoni Mushunguli wala ukoo mkubwa. Yanaona Msomali, mweusi, Muislamu, basi. "Waliotukataa kule," alisema mzee, "sasa tumefungwa nao kamba moja."

Hapa ndipo penye tabu. Mpwa huyo ni mhafidhina kuliko wahafidhina. Katika ndoa, malezi ya watoto, pombe na mavazi, anakubaliana na padri wa Lewiston kuliko na vijana wa vyuo waliotoka mabarabarani kumtetea. Je, kura yake aipeleke wapi?

Wapo waliokwisha kujaribu. Mwaka 2000 jumuiya kubwa za Waislamu wa Marekani zilimuunga mkono George Bush. Yaliyofuata baada ya Septemba 2001 tunayajua. Mji wa Hamtramck, Michigan, baraza lake lote likawa la Waislamu kuanzia Januari 2022. Juni 2023 likazuia bendera ya watetezi wa mapenzi ya jinsia moja kwenye majengo ya mji, na wahafidhina wakashangilia. Septemba 2024 meya wake, Amer Ghalib, mzaliwa wa Yemen, akatangaza kumuunga mkono Trump. Juni 2025 Trump akatia saini marufuku ya kuingia Marekani kwa watu wa nchi kumi na mbili. Yemen imo. Somalia imo.

Nikiri kosa langu. Nilipokuwa nasoma habari hizi nilikuwa nasema "wao". Januari 2020 Trump alitangaza kuwazuia Watanzania wasipate viza za bahati nasibu, zuio lililodumu hadi 2021. Hakuna aliyeuliza nani Mzigua wa Handeni na nani wa Juba.

Tulipokuwa tunaagana mzee alinishika mkono. Mpwa wake amempigia simu, uchaguzi unakaribia, anataka ushauri wa mjomba. "Nimwambie amchague anayeheshimu ndoa yake," aliniuliza, "au anayemruhusu mama yake aingie?"

Basi la Korogwe lilikuwa linapiga honi. Nilimwambia nitamletea jibu nikirudi. Sijarudi.