Simu Imelala, Pesa Imeingia: Kwa Nini Arifa ya Malipo Huchelewa

Mteja amelipa. Anakuonyesha simu yake na kweli pesa imetoka. Yako iko kimya pale juu ya kaunta. Nyuma yake kuna watu wawili wanangoja unga na maziwa, na wewe hujui kama umelipwa ama unachezewa. Ukimwachilia aende, huenda umetoa bidhaa bure. Ukimzuia, huenda unamwaibisha mtu aliyelipa vizuri tu.

Jibu ambalo watu hupeana haraka ni kwamba mtandao uko chini. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana: simu yako ilikuwa imelala, na kuna programu ndani yake ambayo kazi yake ni kuamua nani anaruhusiwa kuiamsha. Programu hiyo inaitwa kerneli. Ukielewa jinsi inavyofanya kazi, utajua ni wakati gani wa kuamini mlio wa simu na wakati gani wa kutouamini kabisa.

Keateka wa simu yako

Fikiria ploti ya kupangisha. Wapangaji wanaishi vyumbani, lakini hakuna anayegusa mita ya stima wala tangi la maji. Hiyo ni kazi ya keateka. Ndani ya simu, wapangaji ni programu kama WhatsApp, kamera na programu yetu ya malipo. Stima na maji ni prosesa, betri, skrini na modemu. Kerneli ndiyo keateka: programu ikitaka kuwasha kamera ama kutumia mtandao, lazima ipitie kwake.

Simu zote za Android hutumia kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Leo ina mistari zaidi ya milioni 25, na sehemu kubwa ya mistari hiyo ni draiva, yaani maelezo ya jinsi ya kuongea na kifaa kimoja kimoja: kamera hii, kioo kile, chipu ya chaji ile.

Hakuna simu inayohitaji draiva zote hizo. Kwa hivyo kabla simu yako haijafika dukani, wahandisi wa kampuni iliyoitengeneza hukaa chini na kuchagua. Kuna faili yenye maelfu ya mistari, na kila mstari ni swali: hiki tunakitaka? Ukiandikwa herufi y, kitu hicho kinajengwa ndani ya kerneli. Ukiandikwa m, kinakaa pembeni na kuitwa kikihitajika. Kisipochaguliwa, hakimo. Halafu kuna faili nyingine inayoieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye simu hii hasa na vimeunganishwa wapi. Wakikosea hapo, kifaa kinaweza kuwa ndani ya simu na kisifanye chochote, kama friji kwenye nyumba isiyo na soketi.

Katika faili hiyo ya maswali kuna mlango mzima unaohusu umeme, na huo ndio unaogusa biashara yako.

Usingizi wa simu si wa aina moja

Njia ya kwanza ya kuokoa betri ni kupunguza mwendo. Prosesa ikiwa haina kazi nyingi, kerneli huishusha kasi na pia volti. Volti ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu umeme unaotumika hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe: ukiishusha hadi nusu, matumizi hayo yanaweza kushuka hadi robo, hata kabla hujahesabu kasi. Hii hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja na wewe huoni kitu.

Njia ya pili ni kulala kabisa. Skrini imezima, hakuna anayeshika simu, kerneli inasimamisha programu zote pale zilipo na kuzima prosesa kuu. Kumbukumbu tu ndiyo inapewa umeme kidogo ili isisahau. Bila usingizi huu, simu ya kisasa isingefika jioni.

Lakini simu iliyolala fofofo haina maana. Kwa hivyo wahandisi huacha milango michache ya kuiamsha: kitufe cha kuwasha, saa ya ndani (ndiyo maana kengele ya alfajiri hulia), waya wa chaji, na modemu. Kila mlango huchaguliwa kwa makusudi. Kilichobaki nje ya orodha hiyo hakiwezi kuamsha simu hata kipige kelele vipi.

Na kuna kitu cha kinyume, ambacho wahandisi wa Android walikipa jina la wekiloki, yaani kufuli ambalo programu hushikilia ili simu isilale kazi ikiwa haijaisha. Unapopakua faili kubwa skrini ikiwa imezimwa, kuna programu imeshika kufuli hilo. Jambo hili lilizua ubishi mrefu: wasimamizi wa Linux walikataa namna Android ilivyolifanya, wakibishana kwa miaka, mpaka mwaka 2012 toleo la 3.5 la Linux lilipopata njia yake ya kufanya kazi hiyo. Ubishi ulikuwa na msingi. Programu moja ikishika kufuli na kusahau kuliachilia, betri yako inaisha ukiwa umelala na simu iko mfukoni. Ukiona simu ina joto na hujaitumia, mshuku mpangaji wa namna hiyo.

Kwa nini meseji huingia na arifa inachelewa

Modemu ni kama kompyuta ndogo ya pili ndani ya simu, yenye prosesa yake. Simu ikilala, modemu hailali kabisa. Husinzia na kufungua jicho kila baada ya muda mfupi kusikiliza mnara kama kuna kitu chake. Kwenye 4G muda huo huwa ni kati ya theluthi moja ya sekunde na sekunde mbili na nusu. Meseji ikifika, modemu humgutusha keateka, kerneli huamsha prosesa kuu, hushikilia kufuli la kutolala mpaka meseji ifike mahali pake, kisha unasikia mlio.

Hii ni njia ya zamani na imara. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hata simu ya kwanza ya Android ilikuwa haijaingia sokoni. Hiyo ilitoka mwaka 2008. Pesa za simu nchini zilijengwa juu ya meseji na menyu ya laini, kwenye simu ndogo zisizojua habari za programu. Mulika mwizi ya mama mboga haina haya matatizo tunayoyasema leo.

Arifa ya programu hupita kwingine. Inasafiri kwa intaneti, na data ikiwa imezimwa ama bando limeisha, haifiki. Ikifika kwenye simu, bado inakutana na sheria za Android zilizo juu ya kerneli. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna mpango unaoitwa Doze. Simu ikikaa bila chaji, imetulia mahali pamoja, skrini imezima, programu nyingi hukatiwa intaneti na kuwekwa foleni. Mara moja moja dirisha hufunguliwa, kila mtu anamaliza kazi zake haraka, kisha linafungwa, na kadiri simu inavyozidi kukaa ndivyo madirisha yanavyozidi kuachana. Sasa iangalie simu yako ya biashara: imelala juu ya kaunta, haisogei, skrini imezima. Ni kama imeomba kulazwa.

Arifa zilizowekewa alama ya dharura huruhusiwa kupita, na programu za malipo hutumia alama hiyo kwa jambo kama pesa kuingia. Lakini baadhi ya kampuni za simu huongeza ulinzi wao wa betri, mkali kuliko wa Android. Unaweza kuizima kabisa programu uliyoifunga ama usiyoitumia mara nyingi, na programu iliyozimwa kwa nguvu haipokei arifa yoyote mpaka uifungue tena kwa mkono. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu pia hupanga programu kwa makundi kulingana na unavyozitumia. Ile unayoifungua mara moja kwa mwezi inawekwa nyuma na kupunguziwa nafasi ya kufanya kazi chinichini.

Pale kaunta

Hapa ndipo naona watu wengi huchanganyikiwa. Malipo hayafanyiki ndani ya simu yako. Yanafanyika kwenye mitambo ya kampuni ya malipo, na simu inaletewa habari tu. Simu ikiwa imelala, imezimwa ama iko nyumbani kwenye chaji, pesa inaingia vilevile.

Upande wa pili ni muhimu zaidi. Kerneli haijui meseji ya kweli na ya wakora. Kazi yake ni kuamsha simu modemu inapogutuka, basi. Meseji ya uongo iliyoandikwa vizuri, yenye jina la mteja na kiasi sawasawa, italia mlio uleule na kuwasha skrini ileile. Na mkora hupenda sana muuzaji aliyezoea arifa kuchelewa, kwa sababu ni rahisi kumwambia, "Angalia kwangu imetoka, kwako itaingia tu."

Kwa hivyo usiamue kwa mlio, na usiamue kwa skrini ya mteja. Fungua programu mwenyewe uangalie salio na orodha ya miamala, ama piga menyu ya nyota na reli kwa namba rasmi. Inachukua nusu dakika. Mwambie mteja kwa heshima, "Samahani, nathibitisha tu hapa," na aliyelipa kweli hatakasirika.

Setingi za kubadilisha leo

Huwezi kubadilisha uchaguzi wa kerneli uliofanywa kiwandani, na huna haja. Unachoweza ni kuiambia Android isiilaze programu ya malipo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya programu, chagua ya malipo, nenda sehemu ya betri uondoe vikwazo. Majina hutofautiana kati ya simu na simu. Hakikisha pia arifa zake zimeruhusiwa, na kwamba data ya chinichini haijafungwa. Kama simu ni ya biashara pekee, iache kwenye chaji hapo kaunta, kwa sababu Doze haifanyi kazi simu ikiwa inachaji. Zile programu zinazoahidi kusafisha simu na kuongeza betri ziondoe. Nyingi huua programu zinazofanya kazi chinichini, na ya malipo inaweza kuwa mojawapo.

Usiondoe vikwazo kwa kila programu, lakini. Ukimwamsha kila mpangaji, betri haitafika saa nane.

Ikizima katikati ya malipo

Asilimia ya chaji unayoiona ni makadirio. Kuna chipu inayopima betri, draiva yake huipa kerneli namba, na kerneli hukuonyesha. Betri ikizeeka, volti yake inaanguka ghafla simu inapofanya kazi nzito, na simu inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 15. Jua kali nalo halisaidii, kwa sababu simu ikipata joto sana kerneli huipunguza mwendo ili isiungue.

Sasa ukiwa umeshaweka namba ya siri na kutuma, halafu simu ikazima, ombi lako huenda limeshafika kwenye mitambo na pesa imetoka. Usiazime simu ya jirani ukalipa tena papo hapo. Washa simu, angalia salio kwanza. Kosa la kulipa mara mbili hurekebishika, ila utangoja.

Kuna wengine huenda mbali zaidi na kumpelekea fundi simu ili aweke kerneli nyingine, ati betri idumu. Mabadiliko hayo huanza kwa kufungua kufuli la mwanzo la simu, na kwenye simu nyingi za Android hilo hufuta kila kitu ulichohifadhi. Kerneli mpya ikikosa draiva sahihi, kamera ama kisoma alama za vidole vinaweza kukataa kazi. Tena ulinzi unaothibitisha kwamba programu za simu hazijachezewa huvunjika, na programu nyingi za malipo na benki zikiona hivyo hugoma kufunguka. Kwa simu yenye pesa zako, hatushauri hata kidogo. Kama betri imechoka, badilisha betri yenyewe, na kabla hujamwachia fundi simu, toka kwenye akaunti yako ya malipo, chomoa laini yako uondoke nayo, na usimpe namba ya siri hata akisema anataka kuijaribu tu.