Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ni ya Nani



Katika darsa moja ndugu yetu aliuliza: mwanafunzi anayetaka kuanza kuwekeza katika viwanja na nyumba aanzie wapi? Wengi wetu tuna ndoto hiyo, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Nimeombwa niandike somo hili kwa sababu mwaka jana nilitumwa kutafuta nyumba Kinindo, nikajifunza mambo ambayo sikuyapata darasani.

Baba yangu mdogo anafanya kazi Muscat. Baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi alinipigia simu: "Mwanangu, nitafutie kinyumba cha kupangisha. Kinindo si mbali na mjini, wapangaji hawakosekani." Dalali, au komisioneri kama tunavyomwita hapa, alinipeleka kwenye nyumba ya zamani ya vyumba vinne. Wauzaji walikuwa ndugu wawili waliofiwa na baba yao. Bei ilikuwa chini kuliko ya majirani. Komisioneri akanihimiza nitoe arubuni siku hiyohiyo, maana "kuna mtu mwingine anakuja kesho." Pesa nilikuwa nazo mfukoni.

Dada mmoja akatuletea chai. Nikamwuliza kama naye ni mpangaji. Akasema, "Hapa ni kwetu. Hawa ni kaka zangu. Mkishanunua, mimi na wanangu tutaenda wapi?" Kaka zake wakatazama chini. Nami nikairudisha bahasha mfukoni.

Kutokana na siku ile, haya ndiyo maswali manne ambayo ningependa kila anayeanza ayaulize, na kwa mpangilio huuhuu.

1. Mali hii ni ya nani?

Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Nchini kwetu urithi hauna sheria kamili iliyoandikwa. Mambo mengi huamuliwa kwa mila, na mila mara nyingi humweka binti pembeni. Muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi safi kabisa, na bado fungu la dada yake likawa ndani ya bei unayolipa.

Tena Burundi ina jeraha jingine. Waliokimbia mwaka 1972 na 1993 waliacha mashamba na nyumba, na wengine wakaingia humo. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wakimbizi wengi walirudi na kukuta watu wengine wanaishi kwao. Tume ya ardhi na mali nyingine ilianzishwa mwaka 2006 kushughulikia kesi hizo. Kwa hiyo usiishie kwa muuzaji wa leo. Uliza nani alikuwa na kiwanja hiki kabla yake, na kabla ya huyo.

Kwa vitendo: omba nakala ya hati ya umiliki, uipeleke ofisi ya hati za ardhi wakalinganishe jina, namba na ukubwa. Kama ni mirathi, dai orodha ya warithi wote, na kila mmoja atie sahihi, wakiwemo mjane na mabinti. Zungumza na majirani wazee wakati komisioneri hayupo. Mkataba uandikwe mbele ya noteri na mashahidi. Aya ya 282 ya Al-Baqara imetufundisha kuandika na kushuhudisha. Na arubuni isitolewe kabla ya hayo.

2. Je, ardhi yenyewe itabaki?

Kinindo iko karibu na Ziwa Tanganyika, na mito Muha na Kanyosha inapita jirani. Ziwa hili hupokea mito mingi, lakini maji yake hutokea mlango mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji hupanda na huchukua muda mrefu kushuka. Mwaka 2021 na 2024 tuliona familia zikihama nyumba zao Gatumba, Kajaga na Kibenga. Sheria ya maji ya mwaka 2012 imeacha mita 150 kutoka ufukweni zisijengwe. Kiwanja cha bei nafuu chenye upepo mzuri wa ziwa kipime kwanza. Kilicho ukingoni mwa mto, kiangalie baada ya mvua kubwa, kwa kuwa kingo zinamomonyoka na nyumba zimeshakwenda na maji. Ukijua kasoro na ukauza bila kuisema, hiyo ni hadaa.

3. Pesa zinatoka wapi?

Mkopo wa riba hauwi halali kwa sababu nyumba ni kitu kizuri. Njia zipo. Unaweza kununua kwa awamu: baraza la fiqhi la Jeddah lilikubali mwaka 1990 kwamba bei ya awamu inaweza kuwa juu kuliko ya taslimu, mradi bei moja ikatwe siku ya mkataba. Lakini faini inayoongezwa mtu akichelewa kulipa, hiyo ni riba. Njia nyingine ni shirika: watu watatu au wanne wanaochangia, kila mmoja fungu lake limeandikwa, faida wanagawana kama walivyokubaliana na hasara kwa kadiri ya mtaji. Andikeni pia mmoja akifa au akitaka kutoka itakuwaje. Urafiki wa chuoni si mkataba.

4. Hesabu inakubali?

Komisioneri hupiga hesabu ya miezi 12. Tuchukue mfano: nyumba ya faranga milioni 100, pango laki tano kwa mwezi. Yeye atakuambia milioni 6 kwa mwaka, utarudisha pesa ndani ya miaka 17. Sasa toa mwezi mmoja bila mpangaji: inabaki milioni 5 na nusu. Toa milioni 1 ya matengenezo, kodi ya serikali na mlinzi: milioni 4 na nusu. Hapo ni zaidi ya miaka 22. Usisahau zaka: kwa wanazuoni wengi, nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe, bali pango lililobaki likifikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Kiwanja ulichonunua ili ukiuze ni bidhaa, na hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka.

Wengine wataniuliza mwisho wa ile nyumba. Nilimweleza imamu wetu, akawaita wale ndugu wawili ili mirathi igawanywe. Hawakuja. Wiki tatu baadaye nyumba ilinunuliwa na mtu mwingine. Baba mdogo alikasirika kidogo, kisha akanyamaza nilipomkumbusha hadithi ya mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi, atakavyovishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Tulinunua kidogo zaidi, Kanyosha. Mikono yetu ilitoka safi, lakini yule dada hakupata kitu. Hilo bado linanisumbua: nilijiondoa upesi, sikumwuliza hata kama anajua pa kupeleka malalamiko yake.

Ya kujadili katika darsa

1. Nyumbani kwenu, dada zako wanajua fungu lao? Nani amewaambia?
2. Ukigundua dhuluma katika biashara usiyoifunga, wajibu wako unaishia wapi?
3. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa sheria. Tunaweza kuwasaidiaje warithi wasiojua pa kuanzia?

Allah atupe riziki ya halali na atuepushe na haki za watu. Amin.