Somo kwa Kamati za Vyama: Mvua na Dhamana ya Pamoja



Kamati inapopima ombi la mkopo hutazama shamba la mwanachama, mifugo yake na sifa yake ya kulipa. Kwa chama cha Mvumi hayo hayatoshi. Hatari iliyo kubwa haimo kwa mtu mmoja mmoja, bali katika mvua inayowanyeshea wote au kuwanyima wote.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili. Kadiri dunia inavyozidi kupata joto, tishio si upungufu peke yake; mvua huweza kuchelewa, ikakatika mtama unapotoa masuke, kisha ikashuka kwa kishindo siku chache.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanachama 100 wamekopeshwa shilingi 200,000 kila mmoja, nao wamedhaminiana kumi kumi. Watano wa vikundi mbalimbali wakiugua, kila mdhamini wao huchangia kama shilingi 22,000, na chama hakitikisiki. Lakini ukame ukija, 70 hushindwa kwa pamoja, na mdhamini ni yule yule aliyekosa mavuno. Shilingi milioni 14 hubaki zikidaiwa. Wakati huo huo kila mwenye mbuzi humpeleka mnadani, bei ikaanguka. Dhamana ya mifugo, ambayo wengi wetu huiamini kupita kiasi, hupungua thamani siku ile ile inapohitajika.

Mvua ya kishindo nayo ina gharama. Mwaka 1986 mifugo iliondolewa Mvumi chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, kwa sababu makorongo yalikuwa yakila mashamba; hatua chungu kwa wafugaji. Na hasara haiishii shambani. Mto Kinyasungwe huchukua maji ya nyanda za Dodoma kupitia Gulwe hadi Kilosa, na mafuriko ya Januari 2010 yalibomoa reli ya kati katika sehemu hiyo. Treni zilisimama kwa miezi.

Basi, chama kitenge akiba ya ukame isiyokopeshwa kamwe, na marejesho yasingoje zao moja. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Uwele huvumilia ukavu kuliko mahindi.

Kabla ya Desemba, mhasibu alete kwenye kikao orodha ya mikopo iliyopangwa kwa zao na mwezi wa kulipwa, wala si kwa majina.