Sataranji kwa watoto: simama, tazama, kisha sogeza

Somo hili ni kwa walimu, viongozi wa vijana na wazazi wanaokaa na watoto wa miaka 6 hadi 10 katika maeneo yaliyopitia vita.

Salamabila, katika eneo la Kabambare, jimbo la Maniema, inajulikana kwa dhahabu ya Namoya. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi katika mgodi huo kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mahali ambapo vikundi vyenye silaha na mashimo ya dhahabu vimewavuta watoto, mtoto hujifunza mapema kwamba mwenye nguvu ndiye anayemaliza ugomvi. Tunawezaje kumwonyesha njia nyingine? Mchezo mmoja unaoweza kusaidia ni sataranji, au chesi.

Tunajua nini?

Huko Katwe, mtaa maskini wa Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto mchezo huu. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, pamoja na UNHCR, walianza mafunzo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya.

Hata hivyo, tusiahidi kupita kiasi. Utafiti uliofanywa katika shule 100 za msingi huko Uingereza, na kutangazwa mwaka 2016, uliwapima watoto mwaka mmoja baada ya kufundishwa sataranji. Hawakuwa wamewapita wenzao katika hesabu. Basi tusifikiri kwamba akili ya ubaoni itahamia yenyewe darasani au kisimani. Mwalimu ndiye anayepaswa kuivusha.

Vifaa

Huhitaji kununua kitu. Chukua karatasi ngumu ya katoni, chora miraba 64, yaani safu 8 za miraba 8, kisha paka mkaa mraba mmoja na kuacha mwingine. Kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye pembe ya mkono wake wa kulia. Tumia vizibo vya chupa: 16 vya upande mmoja, 16 vya rangi nyingine. Baadaye chora juu yake alama za mfalme, malkia, ngome, askofu na farasi.

Kipindi cha kwanza: vitunda peke yake

1. Kila mtoto apange vitunda 8 katika safu yake ya pili.
2. Weupe waanze. Kitunda huenda mbele mraba mmoja. Mara yake ya kwanza kinaweza kwenda miwili.
3. Kitunda hula kwa pembeni, mraba mmoja mbele kushoto au kulia. Kikikutana uso kwa uso na kingine, kimezuiwa.
4. Anayefika kwanza safu ya mwisho ameshinda. Ikiwa mwenye zamu hana pa kwenda, ni sare.
5. Wachezaji wapeane mikono kabla na baada ya mchezo.

Katika vipindi vinavyofuata ongeza kete moja moja, ukianza na ngome. Farasi aje mwisho, kwa kuwa mwendo wake ni mgumu.

Maneno matatu ya kukariri

- Simama. Weka mikono mapajani. Usiguse kete kwa haraka.
- Tazama. Mwenzangu anataka nini? Nikienda hapa, atajibu vipi?
- Chagua. Tafuta njia mbili kabla ya kusogeza moja.

Kuvuka kutoka ubaoni hadi nyumbani

Hifadhi dakika kumi za mwisho kwa tatizo la kweli. Kwa mfano: watoto wawili wamefika kisimani, kila mmoja na bidoni yake, na wote wanasema wametangulia. Waulize: Tusimame vipi? Mwenzako anahitaji nini? Kuna njia zipi mbili? Waache waigize majibu yao. Wiki inayofuata uliza nani alijaribu, na ilikuwaje.

Tahadhari

- Sataranji ni mfano wa vita. Mtoto aliyeishi na wapiganaji anaweza kusumbuka. Usimlazimishe, msikilize.
- Zungumza kwanza na wazazi, imamu na wachungaji. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu kuna maoni tofauti kuhusu mchezo huu, na wazazi wengine huogopa kamari. Eleza kwamba hakuna pesa wala dau, kisha heshimu uamuzi wao. Maneno matatu yanaweza kufundishwa pia kwa mchezo wa bao.
- Waoanishe watoto wa familia na makabila mbalimbali, wasichana na wavulana.
- Anayeshindwa asichekwe. Mwombe mshindi amwonyeshe mwenzake mahali ambapo mchezo uligeuka.

Maswali ya kujadiliana

1. Watoto wetu wamejifunza kutoka kwa nani namna ya kumaliza ugomvi?
2. Sisi watu wazima tunaposhindwa, watoto wanaona nini?
3. Ni tatizo gani la wiki hii ambalo watoto wenyewe wanaweza kulitatua?

Kitunda ndiyo kete ndogo kuliko zote, lakini kikifika safu ya mwisho kinaweza kuwa malkia. Waeleze watoto jambo hilo siku wanapocheza kwa kete zote.