Saa na Dira Ndani ya Jiwe: Mafunzo Niliyopata kutoka Terili hadi Goma

Lubumbashi hatuna volkeno. Tuna terili, ule mlima mweusi kando ya bomba kubwa la moshi, mabaki ya tanuri la shaba lililoanza kazi 1911. Nilipokuwa mwanafunzi wa jiolojia niliokota bonge la skori, yaani taka ya tanuri iliyoganda, nikalisogeza kwenye dira, sindano ikageuka. Jirani yetu wa Katuba, mzee aliyetumikia tanuri hadi pensheni, alinicheka: "Mwanangu, hiyo ilikuwa uji. Ilipoganda, ikabeba mambo ya siku ile ile." Ilinichukua miaka, na safari za Goma, kuelewa kwamba alikuwa amenipa somo zima.

1. Jiwe hukumbuka siku lilipopoa

Lava ya Nyiragongo, volkeno ya Goma, hutoka na joto la nyuzi zaidi ya 1,000, na haikumbuki chochote. Ikishuka chini ya nyuzi 580, chembe za magnetiti ndani yake huanza kushika mwelekeo wa sumaku ya dunia, pamoja na nguvu yake. Maabara hurudia safari hiyo kinyumenyume: kipande huchomwa hatua kwa hatua mahali palipokingwa dhidi ya sumaku ya dunia, na baada ya kila hatua hupimwa kilichobaki. Kumbukumbu za juu juu hung'oka mapema, ya asili hubaki mwisho. Mwelekeo husomeka kwa urahisi kiasi. Nguvu ni kazi nyingine, na vipande vingi hufeli mtihani huo.

2. Dira na lava hazipatani

Juu ya lava nilisoma dira nikiwa nimesimama, nikachutama, nikasoma tena: kaskazini ilikuwa imehama. Tukageukia jua: kijiti, kivuli chake, saa, tarehe, kisha hesabu. Mawingu ya Goma yalitufundisha kuamka saa kumi na moja.

3. Chora kwanza, vunja baadaye

Mashine hutoboa silinda ya jiwe yenye upana wa sentimita 2.5. Kabla ya kuitoa unaichora mstari, na unaandika inatazama wapi na imeinama kiasi gani. Mimi nilivunja kwanza. Vipande sita, kazi ya siku nzima na madumu ya maji tuliyobeba mabegani, vikawa kokoto.

4. Tarehe nilipewa na muuza ndizi

Kaskazini mwa mji wa Goma mama mmoja muuza ndizi alituuliza kama tunatafuta dhahabu. Nilipomweleza alinyoosha kidole: "Hii ni ya sabini na saba. Ile iliyoingia mjini ni ya elfu mbili na mbili. Ile nyingine ni ya juzi tu." Alikuwa sahihi: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Lava ya namna hiyo ni mizani ya kupimia mizani. Mwelekeo wa sumaku ya dunia wa mwaka ilipomwagika unajulikana kwa vyombo, kwa hiyo jiwe likijibu vingine, kosa ni letu.

Kwa lava ambayo hakuna aliyeishuhudia, hutafutwa mkaa wa miti iliyoungua chini yake. Ikiwa ni ya kale sana, hutumika potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo huoza polepole mno, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na baadhi yake hugeuka gesi ya agoni. Lava ikiwa uji, gesi hiyo hutoroka, ikiganda, inanaswa. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa Katuba. Kuganda kule kule kunakofunga dira ndiko kunakowasha saa.

5. Bila saa, dira ni ubishi

Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alieleza miamba iliyotazama kinyume na sumaku ya leo. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba sumaku ya dunia yenyewe iliwahi kugeuka. Wengi walishuku mawe. Tarehe za lava ndizo zilizomaliza ubishi, na ukurasa mmoja mkubwa uko Tanzania. Mwaka 1961 matabaka ya Olduvai, ambamo watafiti wa familia ya Leakey walifukua mafuvu ya kale, yalipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa potasiamu. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walipima lava ya chini ya bonde lile, wakakuta inatazama kama leo, katikati ya enzi iliyotazama kinyume. Kipindi hicho, takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, kinaitwa Olduvai dunia nzima. Jina limekosewa, kwa kweli: Wamaasai husema Oldupai, mkonge wa porini.

6. Radi hufuta

Mashariki ya Kongo hupigwa radi kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Mwamba uliopigwa huwa na sumaku kali kupita kiasi, na kila kipande kinatazama upande wake. Tunautupa.

Narudi kwenye terili. Bonge lililoviringika limepoteza mwelekeo, lakini huenda bado limetunza nguvu ya sumaku ya siku lilipoganda. Linachokosa ni tarehe, na tangu miaka ya 2000 mlima ule unachotwa kwa ajili ya kobalti. Kama mzee wenu alifanya kazi tanurini akaacha daftari la zamu, msiwashie nalo jiko.