Mama Anayeacha Pombe Asiachwe Peke Yake

Huku Uchagani mbege mara nyingi hupikwa na akina mama. Mama huchemsha ndizi, huchanganya na ulezi, huonja, huuza, kisha hununua sare na madaftari ya watoto. Pombe ikimzidi, hujificha, kwa maana mwanamume mlevi huchekwa, lakini mwanamke mlevi hutukanwa.

Wodini tumewapokea akina mama walioacha ghafla bila kumwambia mtu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukiikosa huasi. Kabla ya siku kwisha mikono hutetemeka na jasho humtoka. Wengine huanguka kifafa ndani ya siku 2. Siku ya 2 hadi ya 4 mgonjwa aweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Huko si kurogwa. Ni ugonjwa, na waweza kuua. Mleteni hospitali mapema, apewe dawa ya kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Hatari ya pili iko nyumbani, ambako pipa la mbege linamngoja. Akina mama hutuuliza: nikiacha kupika, watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki. Ndugu na jumuiya ndogo ndogo, msaidieni apate biashara nyingine, kama mboga, kuku au maziwa. Kwenye sherehe msimpe hata ya kuonja. Akianguka tena, msimtukane, mrudisheni kwetu. Wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.