Dondoo muhimu: Taa ya injini ikiwaka

Kabla hujashuka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua sensa, mwambie fundi achomeke mashine ya kupimia chini ya usukani, aandike namba ya hitilafu, ndipo aifute. P0135 inahusu hita ndogo iliyomo ndani ya sensa ya oksijeni. Anzeni na fyuzi na waya, vya bei rahisi. P0420 husema masega yaliyomo kwenye ekzosi (catalytic converter) hayasafishi moshi ipasavyo, ingawa hata ekzosi inayovuja huweza kuileta.

Taa ikiwaka na kuzima mfululizo, injini inamisi: punguza mwendo, plagi na koili zikaguliwe upesi, la sivyo petroli isiyoungua itayaunguza masega.

Na fundi anayetaka kuyang'oa eti gari liwe jepesi? Huenda mnunuzi anaye tayari. Mna platinamu, paladiamu na rodiamu mle.